Bunduki ya Mitutu Miwili Ipimwe kwa Mwili wa Mwenyewe

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Neno hilo ni la kweli katika mashamba ya Njoro, ambako jembe la jirani hulima sawasawa na la mwenyewe. Lakini kiko chombo kimoja ambacho methali hiyo haikihusu, nacho ni bunduki ya marisaa yenye mitutu miwili, ile ambayo watu wengi huiita shotigani. Chombo hicho ni kama kiatu: kinachomfaa ndugu mmoja huenda kisimfae mwingine hata kidogo.

Elimu ya kupima bunduki si mpya katika Njoro, ila haikuwa ya watu wote. Lord Delamere alipopewa ardhi yake huko mwaka 1903, ipatayo eka 100,000, bunduki za namna hii zilikuwa kitu cha kawaida katika nyumba za walowezi. Mlowezi mwenye fedha aliweza kupimwa na fundi wa bunduki wa London kabla ya kitako kuchongwa, kama mtu apimwavyo na mshonaji wa nguo. Mwafrika aliyemfanyia kazi aliibeba bunduki hiyo, akaisafisha na kuipaka mafuta, lakini hakupimwa. Tena wakati wa Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960, sheria ilikuwa kali hata Mwafrika aliyekutwa na bunduki au risasi bila ruhusa aliweza kuhukumiwa kifo. Basi si ajabu kwamba elimu hii haikurithiwa katika jamaa nyingi, na kwamba mkulima aliyepata cheti huweza kununua bunduki ya kwanza anayoonyeshwa, akidhani zote ni sawa.

Sababu ya kupimwa ni hii. Bunduki ya risasi moja ina alama mbili za kulengea, moja nyuma na moja mbele. Bunduki ya marisaa haina alama ya nyuma. Jicho la mpigaji ndilo alama hiyo. Mahali jicho linapokaa hutegemea shavu, na mahali shavu linapokaa hutegemea kitako. Kitako kikiwa kibaya, marisaa huenda pasipotazamwa. Hasara yake si kukosa shabaha tu. Bega huumia, mnyama hujeruhiwa asife, na marisaa huweza kumfikia mtu asiye na hatia.

Jambo la kwanza ni urefu wa kitako. Bunduki nyingi za Uingereza zina kipimo kipatacho inchi 14 na nusu toka kifyatulio cha mbele mpaka mwisho wa kitako, lakini mtu mfupi huhitaji pungufu na mrefu huhitaji zaidi. Wengine hupima kwa kuweka kitako katika kiwiko na kuona kama kidole kinafika kwenye kifyatulio. Kipimo hicho hudanganya, kwa maana hakionyeshi shingo, bega wala kifua. Njia bora ni kuhakikisha kwamba bunduki haina kitu, kisha kuiweka begani kama mtu anayetaka kupiga, na kutazama nafasi iliyo kati ya pua na kidole gumba. Ikiwa ni ya vidole viwili hivi, urefu unakaribia kufaa. Mpimwaji avae nguo zile atakazovaa siku ya kupiga. Njoro iko zaidi ya meta 2,100 juu ya usawa wa bahari, na sweta na koti la asubuhi ya baridi huongeza unene begani.

Jambo la pili ni kimo cha ukingo wa juu wa kitako, yaani mahali pa shavu. Ukingo ukiwa chini mno, jicho huzama nyuma ya mitutu, na mpigaji hupiga chini au huinua shavu lake ili aone. Ukiwa juu mno, huona mgongo wote wa mitutu na hupiga juu.

Jambo la tatu ni upande. Kitako cha mtu wa mkono wa kulia hupindwa kidogo kuelekea kulia, na cha mtu wa shoto kuelekea kushoto. Anayenunua bunduki iliyokwisha kutumiwa aitazame toka nyuma, asije akanunua iliyotengenezwa kwa mtu wa shoto. Pia alijue jicho lake lenye nguvu. Na anyoshe kidole kwenye mti ulio mbali huku macho yote mawili yako wazi, kisha afumbe jicho la kushoto. Kidole kisipohama, jicho la kulia ndilo lenye nguvu. Kikihama, jicho la kushoto ndilo linalotawala, na mtu apigaye kwa bega la kulia itampasa kutafuta shauri la fundi kabla ya kutoa fedha.

Jambo la nne ni uzito. Namba ya bunduki huwatatiza wengi. Namba 12 maana yake ni kwamba gololi za risasi 12 zenye upana wa mtutu huo hufanya ratili moja; kwa hiyo namba 20 ni nyembamba kuliko namba 12. Fundi W. W. Greener wa Birmingham alifundisha kwamba bunduki iwe na uzito mara 96 ya uzito wa marisaa yake. Marisaa ya gramu 32 yahitaji bunduki ya kilo 3 na kidogo. Ya gramu 28 yahitaji kilo 2.7 hivi. Mtu mwembamba asiione aibu kuchukua namba 20. Bunduki nyepesi yenye marisaa mengi hupiga teke, na mtu aliyepigwa teke mara mbili hufumba macho mara ya tatu.

Mitutu yenyewe huwa ubavu kwa ubavu, au mmoja juu ya mwingine. Zote mbili ni nzuri. Kwa kawaida midomo yake haibanwi sawa. Kwa umbali wa yadi 40, mtutu usiobanwa hupeleka marisaa 40 hivi katika kila 100 ndani ya duara la inchi 30, na uliobanwa kabisa hupeleka 70. Hiyo ndiyo faida ya mitutu miwili: mmoja kwa shabaha ya karibu, mwingine kwa ya mbali.

Bunduki kuukuu yataka tahadhari zaidi. Muhuri wa nyumba ya majaribio ya London au Birmingham utazamwe, na fundi aseme kama chumba cha risasi ni cha milimita 65 au 70. Risasi ndefu katika chumba kifupi ni hatari. Mitutu ya zamani iliyosukwa kwa chuma chenye mistari isitiwe risasi za siku hizi kabla fundi hajaipima.

Mwisho ni kujaribu kwa karatasi. Penye uwanja ulioruhusiwa, karatasi pana husimamishwa yadi 16, na mpigaji huinua bunduki upesi na kupiga mara kadhaa bila kulenga sana. Kila inchi moja ambayo marisaa yamekwenda kando ya alama huonyesha kwamba kitako kinahitaji kurekebishwa sehemu moja ya 16 ya inchi. Kwa kazi hiyo ndogo ya fundi, bunduki ya bei nafuu huweza kumfaa mtu kuliko ile iliyonakshiwa maua ya fedha.

Hata hivyo cheti hutangulia mambo hayo yote. Sheria ya Bunduki ya Kenya, Sura ya 114, hairuhusu mtu kuwa na bunduki bila cheti, na uwindaji wa wanyama wa porini ulipigwa marufuku mwaka 1977. Mkulima ambaye kanga na njiwa wanamharibia shamba asipige kabla ya kuuliza Shirika la Wanyamapori. Aliye na cheti, akajua kipimo cha mwili wake, ndiye aliye tayari kuingia dukani; na bunduki atakayotoka nayo asiiazime kwa mtu, wala asiiache mahali ambapo mtoto aweza kuifikia.