Filamu tatu za James Bond zilizodharauliwa, na kwa nini zinatuhusu sisi wa mashamba na pwani

Kila tunapogusia filamu za kijasusi kwenye kipindi, ujumbe unaoingia kwenye simu ya studio hapa Chumbageni huja na majina yale yale: Goldfinger, Casino Royale, Skyfall. Hatuna ugomvi nazo, ni filamu nzuri. Lakini mfululizo huu ulianza mwaka 1962 kwa filamu ya Dr. No, na hadi No Time to Die ya mwaka 2021 umefikisha filamu 25 rasmi. Kati ya hizo 25 zipo ambazo watu walizipa mgongo zilipotoka, na mpaka leo mwenye kibanda umiza akiziweka, vijana wanamwambia abadilishe.

Tumechagua tatu, na tumetumia kipimo kimoja tu. Wapenzi wengi wa muvi wanamtazama stelingi: anapigana vipi, anaendesha gari gani. Sisi tumemtazama adui na kujiuliza anataka kuiba nini. Katika filamu nyingi za Bond adui anataka dhahabu, almasi, roketi au bomu la nyuklia, vitu ambavyo mkulima wa Muheza au mvuvi wa Pangani havimkoseshi usingizi. Katika hizi tatu, adui anataka mavuno, maji na vijana. Hapo ndipo hadithi inapofika mlangoni kwetu.

Kwanza, Bond ni nani?

Kwa msikilizaji anayeanza leo: James Bond ni mtu wa kutungwa. Aliandikwa na Mwingereza Ian Fleming, ambaye riwaya yake ya kwanza ya Bond, Casino Royale, ilitoka mwaka 1953. Ni jasusi wa serikali ya Uingereza mwenye namba 007. Katika filamu zile rasmi amechezwa na watu sita: Sean Connery, George Lazenby, Roger Moore, Timothy Dalton, Pierce Brosnan na Daniel Craig. Wazee wa Tanga waliokuwa wakiingia sinema ya Majestic watakwambia kwamba kwao Bond ni Connery au Moore, basi. Mazoea hayo ya kuona sura moja ndiyo yaliyoiponza filamu yetu ya kwanza.

1. On Her Majesty's Secret Service (1969): adui anayetaka mavuno

Baada ya filamu tano, Connery alijitoa. Nafasi yake akapewa George Lazenby, kijana wa Australia aliyekuwa akijulikana kwa matangazo ya biashara, si kwa uigizaji. Watazamaji walimpima kwa kumlinganisha na aliyetangulia, naye akaondoka baada ya filamu hiyo moja. Mwaka 1971 Connery akarudishwa, na filamu ya Lazenby ikabaki kama mtoto wa kambo.

Sasa sikiliza hadithi yenyewe. Adui anaitwa Blofeld. Amejenga kliniki juu ya mlima wenye theluji huko Uswisi na kukusanya wasichana kutoka nchi mbalimbali. Wanaambiwa wanatibiwa mzio wa vyakula na wanyama, mmoja wao hata kuku hawezi kumvumilia. Usiku, wakiwa usingizini, sauti inawapandikizia amri kichwani. Kila mmoja atarudi kwao akiwa na kijichupa cha kupulizia, ndani yake mna kirusi cha kuifanya mimea na mifugo isizae tena. Blofeld hadai fedha. Anadai asamehewe makosa yake yote na atambuliwe cheo cha ukoo bora. Dunia ikikataa, mbegu haitaota na ng'ombe hatazaa.

Je, jambo hilo linawezekana? Kwa namna filamu inavyolieleza, hapana. Hakuna kirusi kimoja kinachoweza kuua uzazi wa mahindi, ngano, kuku na ng'ombe kwa pamoja, kwa sababu vimelea vya magonjwa kwa kawaida vina viumbe vyao maalumu. Ugonjwa wa miguu na midomo, ambao filamu inautaja, unawapata wanyama wenye kwato zilizogawanyika kama ng'ombe, mbuzi na nguruwe. Kuku wako hawezi kuupata, wala mahindi yako.

Tunalisema hili kwa sababu kuna maneno mitaani kwamba mbegu chotara za dukani "zimefungwa uzazi". Ukweli ni huu: mbegu chotara ukivuna na kuipanda tena, inaota, lakini mimea haifanani na mavuno kwa kawaida hushuka. Ndiyo maana unashauriwa kununua mpya kila msimu. Hiyo ni tabia ya chotara, haina Blofeld nyuma yake. Mbegu feki ni tatizo jingine, na lenyewe ni la kweli: nunua kwa wakala anayejulikana, hakikisha pakiti ina lebo ya TOSCI, na tunza risiti.

Filamu ina kasoro. Ni ndefu, saa mbili na dakika zaidi ya ishirini, na katikati inasinzia kidogo. Lakini ndiyo inayomwonyesha Bond akipenda kwa dhati na kufunga ndoa. Mwisho wake hatuusemi. Tunasema tu kwamba ile kauli ya kibanda umiza, "stelingi haumii", hapa haifanyi kazi.

2. Licence to Kill (1989): adui anayetaka vijana

Hii ni ya pili na ya mwisho kwa Timothy Dalton. Ilitoka kipindi kimoja na Batman, Indiana Jones na Lethal Weapon 2, na kwa soko la Marekani ikafunikwa. Wengine walilalamika kwamba Bond amekuwa mkali mno na mizaha imepungua. Uingereza ilipewa daraja la kuzuia watoto wa chini ya miaka 15, jambo ambalo halijawahi kuikuta filamu ya Bond kabla yake. Kisha ikaja migogoro ya kisheria, na hakukuwa na Bond mpya hadi mwaka 1995. Kwa miaka sita watu walibaki na neno kwamba Dalton ndiye aliyeua mfululizo.

Adui hapa ni Franz Sanchez, muuza dawa za kulevya. Hana mpango wa kutawala dunia. Ana fedha, na kwa fedha hizo ananunua polisi, mabenki na wakuu wa nchi. Kokeini anaiyeyusha ndani ya petroli na kuisafirisha kwa malori ya mafuta. Bei anaipanga kupitia kipindi cha mhubiri wa televisheni, ambako ahadi za michango zinazopigiwa simu ni zabuni za wanunuzi. Anapomjeruhi vibaya rafiki wa Bond, Bond anakataa amri ya wakubwa wake, ananyang'anywa kibali cha kazi na kuingia vitani peke yake.

Sisi wa pwani tunaielewa. Heroini inayotoka Afghanistan imekuwa ikivushwa Bahari ya Hindi kwa majahazi hadi pwani ya Afrika Mashariki, halafu inapelekwa mbele. Mzigo ukipita, makombo yanabaki, na makombo hayo ndiyo yaliyowageuza vijana wetu kuwa mateja. Tanzania ilitunga sheria mpya mwaka 2015, na kwa sheria hiyo ikaundwa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

Kuna somo ambalo wengi hulipita wakingojea ile mbio ya malori mwishoni. Bond hammalizi Sanchez kwa bunduki kwanza. Anamtia shaka juu ya watu wake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, mpaka Sanchez anawamaliza kwa mkono wake. Biashara ya unga inasimama juu ya watu wanaonyamaza. Ukiondoa kuaminiana kwao, inaanguka.

Angalizo kwa wazazi: ina damu nyingi. Si ya watoto.

3. Quantum of Solace (2008): adui anayetaka maji

Hii ndiyo inayosemwa vibaya kuliko zote za Daniel Craig. Sababu ni mbili. Ilifuata mara baada ya Casino Royale ya mwaka 2006 iliyopendwa sana, na ilitengenezwa wakati waandishi wa filamu wa Marekani wakiwa kwenye mgomo, hivyo hadithi haikupata muda wa kupikwa ikaiva. Inakimbia mno, na mapigano mengine huwezi kujua nani anampiga nani. Hayo ni kweli.

Lakini mtazame adui. Dominic Greene anajitangaza kuwa mtetezi wa mazingira. Kwa siri anasaidia kumpindua kiongozi wa Bolivia, na malipo anayotaka ni kipande cha jangwa. Kila mtu anadhani anatafuta mafuta. Kumbe ameyaziba maji chini ya ardhi. Kuna mahali wanakijiji wamesimama na vyombo vyao, bomba linatoa matone, kisha linakauka. Baadaye anamtaka jenerali asaini mkataba wa kuuziwa maji ya nchi yake mwenyewe kwa bei mara mbili.

Hapa watunzi hawakutoka mbali na ukweli. Mwaka 1999, katika mji wa Cochabamba huko Bolivia, huduma ya maji ilikabidhiwa kampuni binafsi yenye wabia wa kigeni, bei ikapanda, wananchi wakaingia barabarani, na mwezi Aprili mwaka 2000 mkataba ukavunjwa.

Hapa Tanga maji ya mjini yanatoka Mto Zigi, unaoanzia misitu ya Usambara Mashariki, na yanakusanywa bwawa la Mabayani. Mwaka 2024 Tanga UWASA iliuza hatifungani ya shilingi bilioni 53.12 ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ili kupanua huduma. Hatifungani kwa Kiingereza inaitwa "bond", na hakuna ujasusi wowote ndani yake: mwananchi anaikopesha mamlaka, mamlaka inalipa riba, na mwisho inarudisha mtaji. Tofauti yake na mkataba wa Greene ni kwamba masharti yake yalitangazwa hadharani. Popote maji yanapojadiliwa, hata kamati ya kisima kijijini kwako, hilo ndilo swali la kwanza: mkataba umesomwa mbele ya nani?

Na wa kwetu je?

Tusimsahau Willy Gamba. Huyu ni jasusi wa Kitanzania aliyetungwa na Elvis Musiba, kuanzia riwaya ya Kufa na Kupona ya mwaka 1974. Wakati huo Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na Willy alikuwa akiwalinda wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Filamu za Bond za miaka hiyo hazikumtuma stelingi wao kupambana na utawala wa makaburu. Riwaya zetu zilifanya hivyo, kwa Kiswahili, na mwenye nakala nyumbani aitunze.

Kama bando lako linatosha filamu moja tu mwezi huu, anza na Quantum of Solace: ndiyo fupi kuliko hizo mbili nyingine, na mambo yake ni ya leo. Ukipata nafasi ya pili, chukua ya Lazenby. Ya Dalton iache kwa usiku ambao watoto wameshalala. Ukishatazama, tutumie ujumbe utuambie adui alitaka nini, na kama uliwahi kumwona mtu wa namna hiyo kijijini kwako. Majina usitaje.