Diski ya kasi Kiserian: unalipia nini hasa?

Tarakimu kubwa kwenye boksi la SSD huwa ni ya kasi, na ndiyo inayouza. Samsung 870 EVO ya terabaiti 1 husoma megabaiti 560 kwa sekunde. 990 Pro ya ujazo huohuo hufika 7,450. 9100 Pro, iliyoingia sokoni mwaka 2025, hufika 14,700. Sasa tafuta kwenye maelezo ya mtengenezaji kipimo cha uimara, yaani jumla ya data inayoweza kuandikwa kwenye diski ikiwa bado ndani ya waranti. Zote tatu ni terabaiti 600, kwa miaka 5. Kasi imepanda mara 26 na uimara haujasogea.

Mfanyabiashara wa Kiserian anayetaka diski mpya ajiulize kwanza kasi hiyo ataipeleka wapi. Mwenye saiba anayefungulia wateja eCitizen na kuchapisha fomu za KRA hana cha kufikiria sana, kwani diski yoyote ya SATA inamtosha, na tofauti atakayoiona ni ile ya kuachana na diski ya kuzunguka. Anayehitaji hesabu ni mwenye studio ya video.

Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kila saa. Weka kamera mbili kwenye ruracio (sherehe ya mahari) au harusi, saa nne kila moja, na jioni unarudi na gigabaiti 360. Kazi hiyo lazima ishushwe kutoka kwenye kadi, na kadi za kawaida za UHS-I zina kikomo cha megabaiti 104 kwa sekunde. Hata kadi ikikimbia hadi mwisho wa uwezo wake, ukizishusha moja baada ya nyingine ni karibu saa nzima. Diski ya 14,700 itaisubiri kadi kama ile ya 560 inavyoisubiri.

Kizuizi cha pili ni kompyuta yenyewe. Laptopu nyingi za ex-UK zinazopanda kutoka maduka ya Nairobi, kama HP EliteBook 840 G5 au ThinkPad T480, zina prosesa za Intel za kizazi cha nane, ambazo njia yake ya kuunganisha diski huishia PCIe 3.0. Hapo kasi haivuki takriban megabaiti 3,500 hata ufunge nini. Ni kwenye laptopu za Intel za kizazi cha 11, kuanzia 2020, ndipo PCIe 4.0 ilipoingia. Fundi mwaminifu atakwambia hivyo kabla hujatoa pesa.

Kuna kasi nyingine ambayo boksi halikuonyeshi vizuri, nayo ndiyo ningeilipia. Samsung 870 QVO imeandikwa 560, sawa kabisa na EVO. Tofauti yao ni kwamba QVO huweka biti nne katika kila seli na EVO huweka tatu. Katika QVO ya terabaiti 1, sehemu ya kupokelea data kwa haraka ni gigabaiti 42 tu, na ikijaa kasi ya kuandika inaporomoka hadi megabaiti 80 kwa sekunde. Hamisha zile gigabaiti 360 kutoka diski nyingine: EVO itamaliza kwa dakika kama 11, na QVO itazidi saa. Mteja amesimama mlangoni akitaka nakala yake, nawe unaangalia mstari ukitambaa.

Tuje kwenye joto. Kiserian iko chini ya vilima vya Ngong na asubuhi zake ni za sweta, kwa hiyo watu hudhani joto si tatizo lao. Lakini studio ndogo nyingi ziko ndani ya vyumba vya mabati, na saa nane mchana mwezi wa Februari chumba hicho ni kingine kabisa. Ukifuata barabara ya Magadi, ukapita Corner Baridi na kuteremka Bonde la Ufa, mchana huvuka digrii 35 kwa urahisi. Kontrola ya diski ya kasi ikikaribia digrii 80 na zaidi hujipunguzia mwendo ili isiungue. Diski za kwanza za PCIe 5.0, kama Crucial T700 ya mwaka 2023, zilikuwa na joto kiasi kwamba bila kipoza joto hazifai kwa kazi ndefu. Kontrola mpya zimepoa, kwa mfano SM2508 ya Silicon Motion iliyotengenezwa kwa nanomita 6. Hata hivyo, ndani ya laptopu nyembamba ambayo feni yake imejaa vumbi, diski ya wastani isiyochoka itamaliza kazi mapema kuliko ya kifahari inayopunguza mwendo kila dakika tano.

Aliye na sababu halisi ya kununua kasi ni mwenye banda la michezo lenye PS5. Sony inashauri diski ya PCIe 4.0 yenye kusoma angalau megabaiti 5,500 kwa sekunde, iwe na kipoza joto, na unene wote usizidi milimita 11.25. Pima kabla ya kulipa, kwa sababu vipoza vingine ni vinene na kifuniko hakitafunga.

Kuhusu uimara, woga wa wengi umeelekezwa pasipofaa. Tuseme kila harusi, pamoja na nakala na uhariri, inaandika terabaiti nzima. Terabaiti 600 ni harusi moja kila wikendi kwa zaidi ya miaka 11. Hata terabaiti 360 za QVO zinakaribia miaka saba. Kinachopoteza kazi za watu ni mambo mawili mengine. La kwanza ni stima. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima iliingia gizani, na katika mitaa yetu hatuhitaji giza la taifa ili kompyuta izimike katikati ya kazi. Diski za kawaida hazina akiba ya umeme ya kumalizia kuandika, hivyo UPS ya bei nafuu ina faida kuliko kupanda daraja la kasi.

La pili ni droo, yaani diski kuwekwa muda mrefu bila umeme. Viwango vya JEDEC, chombo cha viwango vya sekta ya chipu, vinataka SSD ya mtumiaji wa kawaida, ikishamaliza kiwango chake cha kuandikwa, itunze data mwaka mmoja bila umeme katika digrii 30. Joto likipanda, muda huo unapungua haraka. SSD iliyochoka, ikiwekwa kwenye kabati chini ya mabati, si mahali pa kuhifadhi harusi ya mtu. Hifadhi kwenye diski ya kuzunguka, na nakala ya pili iwe kwingine.

Bei nazo haziko upande wa mnunuzi. Desemba 2025, Micron ilitangaza kwamba inaachana na biashara ya Crucial kwa wateja wa kawaida ili chipu zake ziende kwenye vituo vya data vya akili unde. Mali mpya ikiadimika, za mtumba na za bandia huongezeka, zikiwemo diski ndogo za nje zinazodai terabaiti 16 kwa bei ya chakula cha mchana cha ofisi. Kabla ya kutuma M-Pesa, omba diski ichomekwe palepale dukani. CrystalDiskInfo itakuonyesha imeandikwa kiasi gani na afya yake imebaki asilimia ngapi, na H2testw itajaza nafasi yote kuthibitisha kama ujazo ni wa kweli. Kisha uliza waranti ya miaka 5 inaheshimiwa na nani: muuzaji wa Kiserian, au utatumwa Nairobi na risiti ambayo jina la duka halisomeki.