Mtoto Anayepaliwa Kila Akila: Kikundi Kinaweza Kufanya Nini?

Katika ukurasa huu tumezoea kuongea juu ya mbuzi wa maziwa, visima na mikopo. Safari hii tunataka kuongea juu ya kijiko cha uji.

Katika kikundi kimoja tunachokitembelea kuna mama mwenye mtoto wa miaka mitano ambaye hawezi kukaa peke yake wala kuongea. Kumlisha bakuli moja la uji kulimchukua saa nzima, na mtoto alikohoa tangu kijiko cha kwanza hadi cha mwisho. Mwaka mmoja alilazwa hospitali mara tatu kwa ajili ya nimonia. Majirani walisema ni baridi. Wengine walisema maneno mabaya ambayo hatutayaandika hapa. Kumbe shida ilikuwa kumeza.

Kooni kuna njia mbili: moja ya chakula kwenda tumboni na nyingine ya hewa kwenda mapafuni. Mtu akimeza, misuli mingi hufanya kazi pamoja na njia ya hewa hujifunga kwa muda mfupi. Mtoto ambaye ubongo wake uliumia, kwa mfano kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa au kwa homa ya uti wa mgongo, misuli yake haimtii vizuri. Njia ya hewa huchelewa kujifunga na uji kidogo huteremkia mapafuni. Hapo ndipo nimonia hutoka. Wako wengine ambao chakula huingia mapafuni bila wao kukohoa hata kidogo, na hao ndio wa kuangaliwa sana. Mzee aliyepatwa na kiharusi anaweza kuwa na shida hiyo hiyo.

Basi mkimtembelea mwenzenu, angalieni mambo haya. Je, mtoto hukohoa au kutokwa na machozi akilishwa? Sauti yake huwa kama ina maji baada ya kumeza? Kulishwa kwake huchukua zaidi ya nusu saa kila mara? Hukondoka hali ndugu zake wananenepa? Kifua chake hakiponi? Ukiona hayo, usingoje.

Watu wanaosaidia hapa si daktari peke yake. Kuna mtaalamu wa tiba ya kuongea, ambaye pia hushughulikia kumeza, lakini hao ni wachache na wengi wako mijini. Kuna mtaalamu wa tiba ya kazi, yule kina mama humwita OT, na huyu hupatikana katika hospitali nyingi za kaunti. Yeye huangalia jinsi mtoto anavyokaa na anavyoshika kijiko. Kuna pia afisa wa lishe. Kama mtoto hawezi kabisa kumeza kwa usalama, hospitali inaweza kuamua alishwe kwa mpira. Hilo si jambo la kuamuliwa nyumbani.

Mama yule alipofika kwa OT, kitu cha kwanza alichoambiwa kilimshangaza: usimlaze. Miaka yote alikuwa amempakata chali, kichwa kimeangalia juu, akimmiminia uji kwa kikombe. Kichwa kikiinama nyuma njia ya hewa hubaki wazi. Mtoto anatakiwa kukaa wima, nyonga na magoti yamekunjwa, miguu imekanyaga kitu, kichwa kimeinama mbele kidogo. Mlishaji akae mbele yake, macho kwa macho, si nyuma wala juu. Kijiko kiwe kidogo, nusu yake tu. Ngoja ameze ndipo utoe kingine. Akilia, ngoja anyamaze. Kumziba pua ili ameze, kama tulivyoona nyumba fulani, ni hatari kubwa. Baada ya kula abaki wima kama nusu saa.

Chakula chenyewe ni mambo. Watu wengi hudhani maji na uji mwepesi ni rahisi kwa mtoto kama huyu. Sivyo. Kitu chepesi hukimbia kooni kabla misuli haijawa tayari, kwa hiyo uji mzito kidogo mara nyingi ni salama zaidi. Lakini kila mtoto ni wake, na mtaalamu ndiye wa kusema uzito gani. Githeri ni mbaya kwake, kwa sababu ina mchuzi mwepesi na punje ngumu kwa pamoja. Ugali mkavu humeguka mdomoni. Viazi au ndizi zilizopondwa laini pamoja na maharagwe na parachichi hufaa, na kijiko cha mafuta au njugu zilizosagwa sana huongeza nguvu katika chakula kidogo. Meno yapigwe mswaki kila siku, kwani uchafu wa mdomoni nao hushuka mapafuni.

Sasa tuje kwa pesa, maana hapo ndipo wengi hukwama.

Mlango wa kwanza ni kuandikishwa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD. Mtoto hupimwa katika hospitali ya serikali inayofanya kazi hiyo, kisha maombi hupitia eCitizen. Cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi viwe tayari. Tumeona kina mama wakirudishwa nyumbani kwa kukosa cheti tu. Baraza lina mfuko ambao husaidia kupata vifaa kama viti vya magurudumu, na hutoa ruzuku kwa vikundi vya watu wenye ulemavu au walezi wao vilivyoandikishwa. Kuna pia Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kutunzwa muda wote. Nafasi hazifunguliwi kila siku, kwa hiyo ongeeni na chifu mapema. Na jamaa yote ijiandikishe kwa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024.

Tuseme ukweli: hakuna hata mmoja wa mifuko hii unaosema, hii hapa nauli ya kwenda kliniki kila mwezi, na huu hapa mshahara wako kwa saa unazomlisha mtoto. Pengo hilo ndilo la kikundi. Sisi ni hodari kuchanga kwa ajili ya mazishi. Kuchangia nauli ya mtoto aliye hai hutuwia vigumu, sijui kwa nini.

Kikundi kile kilitenga sehemu ndogo ya mchango wa kila mwezi kuwa nauli ya mama. Wengine wawili walijifunza kumlisha mtoto ili mama apate kwenda shamba. Kiti kilitengenezwa kwa katoni zilizopangwa tabaka kwa tabaka na kubandikwa kwa gundi ya unga, ufundi uliotoka Zimbabwe ambao maOT wengi wanaujua. Kilikauka siku kadhaa juani na kimebeba mtoto bila kuyumba. OT alikuja kupima kimo cha meza na kukata upande mmoja.

Inua Jamii bado hajapata. Jina liko kwa chifu. Bakuli la uji sasa humalizika kwa dakika ishirini na tano.