UFAFANUZI KUHUSU MIFUKO YA UWEKEZAJI YENYE HATARI KUBWA NA UHURU WA MWEKEZAJI BINAFSI

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanaarifiwa kuwa maelezo haya yanatolewa kwa faida ya wale wanaoweka akiba zao katika masoko ya Marekani, wao wenyewe au kwa kupitia jamaa zao waishio huko.

1. Mifuko inayohusika

Tokea mwaka 2006 masoko ya hisa ya Marekani yamekuwa yakiuza mifuko inayokusudia kuzidisha mwendo wa soko wa siku moja mara mbili, na baadaye mara tatu. Mingine hupata faida pale soko linaposhuka. Maneno ya kuzingatiwa hapa ni "siku moja". Kwa mfano, kipimo cha soko kikishuka kutoka 100 hadi 90, na siku ya pili kikarejea 100, mwenye mfuko wa kawaida hakupoteza kitu. Lakini aliyeweka shilingi 100,000 katika mfuko wa mara tatu hubakiwa na shilingi 70,000 siku ya kwanza, na ya pili hufikia shilingi 93,333 tu. Soko limerudi mahali pake. Fedha hazikurudi zote.

2. Hoja ya wanaotaka vizuizi

Tarehe 5 Februari, 2018, soko la Marekani lilishuka kwa kiasi cha asilimia 4. Hati moja iliyojulikana kwa jina la XIV, iliyotegemea utulivu wa soko, ilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya thamani yake, kisha ikafungwa. Wanaotaka vizuizi husema kuwa mtu wa kawaida hawezi kuitambua hatari ya namna hiyo mapema.

3. Hoja ya wanaotetea uhuru

Mwezi wa Machi, 2022, FINRA, chombo kinachosimamia madalali wa Marekani, kiliomba maoni iwapo mwekezaji binafsi apate idhini maalumu au apimwe maarifa yake kabla ya kununua. Wawekezaji kwa maelfu walipinga. Walieleza kuwa fedha ni zao, kwamba hatari wanaijua, na kwamba milango ya soko la umma haifai kuachiwa matajiri pekee.

4. Hali ilivyo kisheria

Mwaka 2020 Tume ya Dhamana ya Marekani iliweka kanuni ya kuzuia mifuko mipya isizidi mara mbili, ikaiacha ile ya mara tatu iliyokuwapo. Pendekezo la kuwataka madalali wamchunguze kila mnunuzi halikupitishwa. Aidha, tokea tarehe 30 Juni, 2020, dalali anayempa mteja ushauri analazimika kutanguliza maslahi ya mteja huyo. Wajibu huo haumhusu mtu anayechagua na kununua mwenyewe bila ya kushauriwa: uhuru wake ni mpana, na hasara ni yake.

5. Ushauri

Kwa hivyo, kila mwenye kukusudia kununua anashauriwa:

(a) kusoma waraka wa mfuko na kuhakikisha muda uliokusudiwa;

(b) kutotumia fedha za mkopo, ada za skuli wala kiinua mgongo;

(c) kutoudhania ukimya wa sheria kuwa ni dhamana ya usalama.

Uhuru wa kununua ni haki yenye thamani. Anayeitaka haki hiyo hana budi kuyajua anayoyanunua.