Aliyenunua Ana Haki ya Kuhifadhi

Wii, mashine ya michezo iliyotolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka wa 2006, ina hifadhi ya ndani ya megabaiti 512 tu. Duka lake la intaneti lilifungwa Januari 30, 2019. Hifadhi hiyo ikiharibika leo, michezo iliyolipiwa huenda ikapotea nayo.

Ndiposa nawaunga mkono wanaoondoa vizuizi vya mashine zao, wakaweka programu zilizoundwa na watumiaji wenyewe na kuzihifadhi katika kadi ya SD. Hata hivyo, wasikose kunakili hifadhi yote ya ndani mapema iwezekanavyo. Tahadhari kabla ya hatari. Kunakili michezo usiyoilipia ni wizi, lakini kulinda ulichokinunua ni haki yako.