Wayahudi Waliowaonya Wenzao

Huko Kenyenya, katika Kisii, ambako chai na migomba hupanda hadi vileleni mwa vilima na kila kijana hungoja kipande chake cha shamba la baba, hapana mtu awezaye kudanganywa kwamba shamba lililolazwa msimu mmoja halina mwenyewe. Kwa hiyo mkulima wa huko atayafahamu upesi maneno aliyoyaandika Asher Ginsberg, Myahudi wa Odessa aliyejulikana zaidi kwa jina la Ahad Ha'am, baada ya safari yake ya Palestina mwaka 1891.

Bwana huyu hakuwa adui wa Uzayuni; yeye mwenyewe alitamani sana taifa lake lifufuke katika nchi ya mababu. Walakini aliwaambia wenzake wa Ulaya kwamba wamekosea kuidhani nchi ile kuwa tupu. Ardhi nzuri ilikuwa imekwisha kulimwa na Waarabu. Iliyobaki ilikuwa hasa mchanga na vilima vya mawe. Tena aliwashutumu walowezi waliowapiga wenyeji bila sababu, akaonya kwamba Mwarabu si mjinga, huyaona na kuyafahamu yanayotendeka, na siku atakaposukumwa kando hatapisha kwa urahisi.

Kosa hilo la kuidhani nchi tupu lilifika hata Kenya. Mwaka 1903, baada ya Wayahudi kuuawa mjini Kishinev, Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, aliwaahidi Wazayuni nyanda za Uasin Gishu. Mkutano wao wa Basel ulipiga kura 295 kwa 178 kupeleka wachunguzi. Watu watatu walikuja mwanzoni mwa mwaka 1905, na mwaka uo huo mkutano uliofuata ukaikataa ahadi hiyo. Wanandi na Wamasai waliolisha ng'ombe pande zile hawakuulizwa na upande wowote.

Miaka arobaini baadaye walikuja Wazayuni wa namna nyingine. Uingereza ilikuwa ikiitawala Palestina, na vyama vya siri vya Irgun na Lehi vilishika silaha dhidi yake. Wafuasi wao walihamishiwa Eritrea na Sudani tangu mwaka 1944, na mwaka 1947 wakaletwa kambini Gilgil, mji ambao msafiri wa Kisii aendaye Nairobi kwa njia ya Nakuru huupita. Machi 1948 Yaakov Meridor na wenzake watano walitoroka, wakapita Uganda hadi Kongo, kisha wakafika Ulaya. Ni kisa cha kusisimua. Lakini silaha zilizowapeleka Gilgil ndizo walizozilaani wenye elimu kadha wa taifa lao wenyewe.

Miongoni mwao alikuwamo Judah Magnes, aliyekiongoza Chuo Kikuu cha Kiebrania mjini Yerusalemu tangu kilipofunguliwa mwaka 1925. Pamoja na mwanafalsafa Martin Buber aliunda chama cha Ihud mwaka 1942, wakitaka dola moja ambamo Wayahudi na Waarabu wangekuwa na haki sawa. Waliitwa waota ndoto, hata wasaliti. Na yapasa kukiri kwamba shauri lao lilikuwa gumu. Wanazi walikuwa wameua Wayahudi kiasi cha milioni 6, na manusura hawakuwa na subira ya mazungumzo marefu. Upande wa pili, Fawzi al-Husayni, Mwarabu aliyekubali kuafikiana na Wayahudi wenye nia kama hiyo mwezi wa Novemba 1946, aliuawa na Waarabu mwezi uo huo.

Aprili 1948 Irgun na Lehi walikishambulia kijiji cha Deir Yassin, wakaua watu zaidi ya 100, wanawake na watoto wakiwamo. Desemba mwaka ule Albert Einstein, Hannah Arendt na Wayahudi wengine walitoa barua katika gazeti la New York Times, wakakilaumu kitendo hicho, na kukifananisha chama kipya cha Menachem Begin, aliyekuwa mkuu wa Irgun, na vyama vya Wanazi na Mafashisti. Maneno mazito kuliko hayo Myahudi hawezi kumwambia Myahudi.

Magnes hakuiona barua ile. Alikuwa amefariki mjini New York mwezi wa Oktoba. Wafungwa wa Gilgil walikuwa wamerudishwa kwao tangu Julai, katika dola mpya ya Israeli, na mwaka 1977 Begin akawa Waziri Mkuu wake.