Gemu Isiyoomba Mji

Kitendawili kina sheria zake, na mtoto wa Bungu, huku juu ya milima ya Usambara wilayani Korogwe, huzijua kabla hajajua kuandika jina lake. Mmoja anatega, wenzake wanajaribu kutegua, wakishindwa anawadai mji. Unampa Tanga, anaukataa. Unampa Dar es Salaam, anaupokea kwa madaha, anajisifu alivyokula na kulala huko, kisha ni lazima atoe jibu. Jibu likiwa la ovyo, atazomewa mpaka anyamaze. Anayetega naye ana deni.

Sheria hiyo ndiyo ninayowapimia watunzi wa gemu za mafumbo, zile ambazo vijana huhangaika nazo vijiweni msimu wa mvua, ukungu ukishashuka na bodaboda zikishashindwa na utelezi. Hizi si gemu za mpira wala za bunduki. Unapewa mhusika, unapewa mahali na vitu viwili vitatu, mlango umefungwa, na hakuna wa kukuambia ufunguo uko wapi. Zilianzia Marekani katikati ya miaka ya 1970, pale Will Crowther, mtaalamu wa kompyuta aliyependa kuzuru mapango, alipotunga mchezo wa pango usio na picha hata moja, maneno matupu. Mwaka 1977 Don Woods akauongezea. Mwaka 1993 ndugu wawili, Rand na Robyn Miller, wakatoa Myst, na kisiwa chake kimya kikawakosesha watu usingizi dunia nzima.

Utamu wake uko kwenye kukwama. Asiyecheza ataona ni wazimu, lakini muulize aliyeonja. Unazima simu kwa hasira, unakwenda zako shambani, na umeinama unapalilia maharage ndipo jibu linakujia lenyewe, wazi kabisa, unabaki unacheka peke yako kwenye tuta. Gemu ya mbio za magari haikufuati shambani.

Lakini kuna kukwama na kukwama. Chukua mafumbo mawili ya kujibadili sura. Katika Machinarium, iliyotolewa mwaka 2009 na Amanita Design ya Jamhuri ya Czech, roboti mdogo Josef ametupwa jalalani na anataka kurudi mjini. Kwenye daraja kuna mlinzi. Ukiwatazama walinzi vizuri utaona kofia zao: za buluu, zenye taa juu. Karibu yako kuna koni ya barabarani, kuna rangi ya buluu, kuna balbu. Basi. Kila kitu kilikuwa mbele ya macho yako, na usipokiona utajilaumu mwenyewe. Tena karibu hakuna neno la kusoma; mazungumzo yote ni vipicha vinavyoelea kichwani, kwa hiyo wa Bungu na wa Prague wanaanza sawa.

Sasa njoo kwenye Gabriel Knight 3 ya mwaka 1999. Gabriel anataka kukodi pikipiki kwa jina la rafiki yake, Mosely. Ili afanane naye anahitaji sharubu. Unabandika utepe wa gundi kwenye tundu, unamfukuza paka apite hapo, manyoya yananasa, unayabandika juu ya mdomo kwa shira. Kinachochosha zaidi ni kwamba Mosely mwenyewe hana sharubu! Inabidi umwibie pasipoti, umchoree sharubu kwa kalamu, ndipo picha ifanane na wewe uliyejibandika manyoya ili ufanane naye. Mtunzi huyu angetega hivyo barazani kwetu, asingepewa hata kitongoji.

Wafanyabiashara waliona mapema kwamba kukwama kunalipa. Kampuni ya Infocom iliuza vijitabu vya majibu yaliyoandikwa kwa wino usioonekana, ukipitisha kalamu maalumu jibu linajitokeza. Wengine walifungua simu za msaada, wakatoza kwa dakika. Siku hizi unaingia YouTube, na mji unaoutoa ni bando lako, hapo mtandao ukikubali. Mimi naipenda zaidi njia ya Machinarium: majibu yamo ndani ya gemu yenyewe, kwenye kitabu chenye kufuli, lakini kukifungua lazima kwanza ucheze kamchezo ka kuchosha ka kurusha risasi. Unalipa kwa jasho, siyo kwa vocha.

Gemu nyingi nyingine zimejaa Kiingereza, na fumbo la maneno likikupita lugha limekupita lote. Mkoa wetu una ushahidi wa upande wa pili, lugha inapokuwa yako. Kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi 2019, shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji takriban 170 vya mkoa wa Tanga, wilaya za Korogwe na Handeni zikiwamo. Programu zilikuwa za Kiswahili, umeme ulikuwa wa jua, na hapakuwa na mwalimu wa kuwaelekeza. Wengi wa watoto hao hawakuwahi kukaa darasani, ila walibonyeza, wakakosea, wakabonyeza tena mpaka baadhi yao wakaanza kusoma. Mei 2019 ushindi ukagawanywa kati ya timu mbili, Kitkit School na onebillion. Zilikuwa programu za masomo, lakini mtoto aliyekwama peke yake mbele ya kioo anafanya kazi ileile ya Josef darajani.

Bado sijaona gemu kubwa ya aina hii iliyotungwa kwa Kiswahili na mtu wa huku, na visa si haba. Mbega, yule mwindaji wa Ngulu ambaye ukoo wake ulikuja kutawala Usambara, ni mhusika aliyekamilika: amefukuzwa kwao, ana mbwa, ana mkuki, ana nyama tele na hana chakula cha kulia nyama hiyo. Masimulizi yanasema aliwapa wenyeji nyama, nao wakampa chakula. Mweke kwenye simu, mbele yake kijiji kisichomjua, mkobani nyama ya nguruwe pori inayoanza kuharibika, na uone kama mtoto wa hapa atahitaji YouTube.